Adabu ya Ami Gulam

Klabu ya mpira ilileta shada la maua, kubwa, la duara, lenye rangi za jezi yao. Sisi maiti zetu hatuzipambi kwa mashada, na kila mtu pale ukumbini Harrow, London, alilitazama kama anayemtazama mbuzi aliyeingia msikitini. Hakuna aliyejua aliweke wapi. Mwisho likaegemezwa karibu na rafu ya viatu, na waliokuja kutoa mkono wa tanzia wakawa wanavulia viatu juu ya maua yake. Binti mmoja kutoka ofisi ya klabu, mpole, mwenye suti nyeusi, alinipa mkono akaniambia kwamba Nizar alikuwa mfungua njia, Muasia wa kwanza kucheza timu yao ya kwanza, na kwamba wanafikiria kuitundika picha yake uwanjani. Nikamwambia ahsante. Nimelelewa kusema ahsante. Lakini moyoni nilisema: mwanangu, njia gani hiyo? Mlango aliusukuma kwa bega lake mwenyewe, nyinyi mkaufunga, na bega lilimuuma mpaka jana alipokufa.

Mimi si ndugu wa kina Nizar kwa damu. Wao ni Makhoja, Wahindi wa Unguja, mimi ni mtoto wa Malindi, na habari za koo zetu, nani alizaa nani na nani alipoteza duka gani Darajani baada ya Mapinduzi, sitozieleza hapa. Waliozieleza ni wengi na wote wanalia. Mimi nilikuwa mpangaji wao. Mwaka ambao Wahindi walifukuzwa Uganda nilikuwa msichana, nafanya kazi ya kufunga vidonge kiwandani, na nimekodi chumba cha juu katika nyumba ya Ami Gulam kule Queensbury, chumba kidogo hata ukitaka kuvaa gauni lazima ufungue mlango. Ami Gulam alikuwa karani wa bima, mtu mfupi, msafi, asiyevua tai hata akila. Mkewe, Bi Kulsum, ndiye aliyenipa chumba. Alisema amechoka kusema Kikachi, lugha yao ya nyumbani, na kuta na Kiingereza na muuza maziwa, anataka mtu wa kuzungumza naye Kiswahili jikoni. Na Nizar alikuwa mtoto wa kaka yake Ami Gulam, kijana wa umri wangu, mwembamba, mkimya, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na akili kuliko sisi sote mle ndani.

Mwaka ule nyumba ilijaa. Jamaa waliotoka Kampala walikuwa wanafika na begi moja moja, wanakaa wiki, wanakaa mwezi, wanahamia Leicester, wanakuja wengine. Magodoro yalitandikwa ukumbini mpaka chini ya ngazi, na mtu akishuka kwenda chooni alfajiri alikuwa anaruka vichwa. Nikilala nilisikia wanaume wakinong'ona chini, daima maneno yale yale: nyumba tuliiacha na nani, gari tuliliacha wapi, mbwa nani anampa chakula. Chumba kimoja tu hakikulaliwa na mtu, sebule ya mbele. Sebule ile ilikuwa na makochi yaliyofunikwa nailoni, zulia jekundu, kabati la vikombe, na ufunguo wake ulikaa katika kifundo cha kanga ya Bi Kulsum. Ilikuwa ya wageni, na waliolala chini ya ngazi hawakuhesabiwa wageni. Nizar alilala jikoni, kwenye kitanda cha kukunja, baina ya meza na jiko la gesi.

Habari ya jikoni naieleza kwa sababu ilimsumbua. Alikuwa akicheza mpira Jumapili na vijana wa Kihindi kwenye bustani moja karibu na Harrow, mzungu mmoja mwenye koti refu akamwona, akamwita kwenye majaribio katika klabu ya daraja za chini upande wa kaskazini. Sitoitaja klabu, jina lake lishapata sifa zisizolistahili. Walimchukua kwa mwezi mwezi, kama mimi na chumba changu. Wiki ya pili mchezaji mmoja akaziba pua chumba cha kuvalia, akauliza nani kaleta chakula. Kesho yake wengine wakaziba. Nizar hakumwambia mtu isipokuwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiamka mapema na kumkuta amekaa kitandani ananusa jezi yake. Toka siku hiyo nguo zake za mpira zikakaa kwenye mfuko wa plastiki katika banda la makaa nyuma ya nyumba, na alfajiri, barafu imeganda kwenye majani, alikuwa anatoka kifua wazi kwenda kuvaa kule. Bi Kulsum akadhani ni mazoezi. Akawasifia wenzake wa Kampala kwamba Waingereza hawajambo, wanawakomaza watoto kwa baridi.

Ramadhani iliingia na msimu umeshaanza. Nizar alifunga, akakimbia, akarudi midomo imepasuka, na Bi Kulsum alikuwa anamwekea bakuli lake peke yake, kuku wa paka, yaani kuku wao wa nazi, na mkate wa kumimina, hakuna kugusa hata kama una njaa ya kutoka Entebbe. Alikula hasemi. Siku moja nilimuuliza kuna nini huko. Akaniambia habari ya birika. Baada ya mchezo wenzake wote huingia pamoja katika birika moja kubwa la maji ya moto, uchi kama walivyozaliwa. Yeye aliingia na kaptura yake, maana uchi wake hauoneshi mbele ya watu, wakamcheka. Basi, kucheka si neno. Lakini Jumamosi ile, alipotia mguu majini, watatu walitoka. Hawakusema kitu. Walitoka tu, wakachukua taulo zao, na waliobaki wakatazama ukuta. "Maji yalikuwa mazuri, Zuhura," akaniambia. "Nimeoga peke yangu kama Sultani." Akacheka, na mimi nikacheka.

Baada ya sikukuu alianza kuchezeshwa timu ya kwanza, winga ya kushoto. Ami Gulam hakukosa mechi ya nyumbani hata moja. Alikwenda na tai, koti na kofia, akarudi amevimba kwa furaha, na Bi Kulsum akimuuliza watu wanamwonaje mtoto, alijibu, "Wanampenda. Wanamwimbia." Nizar naye alisema hivyo hivyo, wanaimba jina langu. Siku moja nikafuatana na Ami Gulam kwenda kuisikia hiyo nyimbo. Ilikuwa mvua nyembamba na moshi wa sigara, na wanawake hatukufika kumi uwanja mzima. Kila Nizar akiugusa mpira, upande wetu ulipiga kelele moja, watu wazima, wenye watoto mabegani: "Tiketi, tafadhali! Tiketi, tafadhali!" Siku zile makondakta wengi wa mabasi walikuwa Wahindi. Na kulikuwa na maneno mengine, ambayo sitoyaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiswahili hakijawakosea watu hawa. Nikamgeukia Ami Gulam. Alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili, na anatabasamu. Anatabasamu vile mtu anavyotabasamu pale anapotukanwa na hataki watu wajue kwamba ameelewa. Nizar akampita beki, akapiga krosi, mwenzake akatia goli, na watu wale wale wakamrukia Ami Gulam wakampiga mgongoni. Njiani kurudi aliniambia, "Bi Kulsum hana haja ya kujua Kiingereza chote." Nikamwambia hana haja.

Nani basi aliyemtetea? Meneja wao. Namwita Mr Dawes, jina lake silo. Mtu wa makamo, uso mwekundu, alimwita Nizar "mwanangu", na siku mchezaji mmoja alipoziba pua mbele yake alimkimbiza uwanjani mpaka akatapika. Mara mbili tatu alimleta Nizar hadi kituo cha treni kwa gari lake ili asisubiri basi usiku wa mechi, maana nje kulikuwa na vijana wanaomsubiri. Nizar alimpenda mtu yule. Alikuwa akinieleza alivyosema, alivyovaa, sigara yake anavyoizima. Mwenye kiu hata akipewa maji kwenye kifuu huona kapewa katika dhahabu. Na kiu ya Nizar wote tuliijua: msimu ukiisha, wale wa mwezi mwezi ama wanapewa mkataba kamili, ama wanarudi walikotoka. Hakutaka kingine. Alipokuwa akisali, hata sisi wengine tulikuwa tunajua anaomba nini. Kina mama wa Kampala, waliopoteza kila kitu, nao wakamwombea, nafikiri kwa sababu walitaka kumwona mtu mmoja wetu anapata kitu badala ya kunyang'anywa.

Majira ya machipuko Nizar akaleta habari kwamba Mr Dawes anataka kuja nyumbani Jumapili kuzungumza na Ami. Laiti ungeiona nyumba ile! Magodoro yalikunjwa yakapandishwa chumbani kwangu mpaka darini, watu wa Kampala wakafukuzwa kwenda kutembea Kingsbury, sebule ya mbele ikafunguliwa, nailoni ikapanguswa kwa siki. Bi Kulsum alikaanga sambusa, kachori, katlesi, akapika tambi za sukari, akatoa vikombe ambavyo sijapata kuviona tena. Nizar akaambiwa akae jikoni. Ndivyo ilivyo kwetu: mtu anayezungumziwa hakai ndani ya mazungumzo. Mimi nikapewa sinia, na kwa hivyo nilikuwepo, nimesimama karibu na mlango, na niliyoyasikia niliyasikia mwenyewe.

Mr Dawes alichukua sambusa moja, akaiuma pembe, akaiweka. "Bwana Gulam," akasema, "kijana ana kitu. Kuna wazo la kumpa mkataba kamili, awe mchezaji wetu wa kulipwa hasa. Nimekuja kujua nyinyi nyumbani mnaonaje."

Ami Gulam akaweka kikombe chake chini taratibu. Nilimwona anavyojizuia, masikio yamewiva. "Mr Dawes, wema wako umezidi," akasema, kwa Kiingereza chake cha shule, kila neno limepigwa pasi. "Huyu kijana si lolote. Mvivu, asubuhi mpaka mke wangu amwite mara kumi. Na mwili wake unauona, vijana wenu ni majabali. Mimi nadhani hata masomo ya uhasibu yangemshinda, lakini yangemfaa zaidi." Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. "Lakini nyinyi ndio wajuzi. Sisi tumeshamkabidhi kwako. Ni mwanao. Ukimtaka, ukimwacha, sisi tunashukuru."

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mtu akimsifu mwanao, humpandishi juu ya sifa, unamshusha. Unamshusha asipatwe na jicho, na unamshusha ili mgeni apate nafasi ya kumpandisha tena, nawe umshushe tena, na yeye ashikilie, mpaka hapo ndipo mnapeana mikono. Hata posa huenda hivyo. Hakuna baba anayeletewa posa akasema mara moja "mchukueni". Atasema binti yangu hajui hata kupika chai, na kila mtu chumbani anaelewa kwamba posa imekubaliwa. Na lile neno "ni mwanao", hakuna ridhaa iliyo kubwa kuliko hiyo. Ami Gulam alikuwa amempa Mr Dawes mtoto, kwa adabu zote alizonazo, na sasa alikuwa anangoja kubanwa.

Mr Dawes alitazama ndani ya kikombe. "Kwa hiyo wewe ungependelea asome," akasema.

"Masomo ni kitu kizuri," Ami Gulam akajibu, na akangoja.

Mzungu akasimama. "Nimeelewa kabisa. Mimi pia ni baba." Akampa mkono, akanishukuru kwa chai, akatoka. Ami Gulam alimsindikiza mpaka kwenye gari, akampungia mkono mpaka lilipokata kona, akarudi anasugua viganja. "Mmemwona? Mtu wa adabu! Hakutaka kunibana siku ya kwanza. Bi Kulsum, roweka mchele." Nizar akatoka jikoni mbio. "Vipi, Ami? Umemwambia nini?" Ami akamshika mashavu. "Nimesema inavyosemwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe tulia."

Bi Kulsum alikuwa anaitazama ile sambusa iliyoumwa pembe. "Mbona hakula?" akasema. "Sijapata kumwona mtu kaja kutaka kitu, kakipata, kaacha sambusa." Hakuna aliyemsikiliza. Usiku ule tulikula biriani, watu wa Kampala wakarudi kutoka Kingsbury wakakaa sakafuni mpaka ukumbini, mzee mmoja aliyekuwa hajafungua mdomo tangu afike akatoa kichekesho, na Nizar alipewa paja zima la mbuzi akalimaliza, anacheka, mafuta yakimchuruzika mkononi. Sijapata kumwona tena vile.

Wiki haikufika mwisho. Nizar alirudi mchana, mimi nina zamu ya usiku ndiyo maana nilikuwepo, akasimama jikoni na viatu vyake vya mpira mkononi. "Ananiambia jamaa zangu hawataki," akasema. "Ananiambia hawezi kumtenganisha mtoto na watu wake. Kanipa mkono, Zuhura. Kanitakia kila la heri na uhasibu." Bi Kulsum akakaa chini kwenye kile kitanda cha kukunja, akajifunika uso kwa mtandio.

Ami Gulam aliporudi kutoka kazini alimkuta amesimama pale pale. Sikuhitaji kutega sikio, mtaa mzima ulisikia. "Nilimwambia ni mwanao!" Ami Gulam alikuwa anasema. "Nilimkabidhi! Nimkabidhi vipi tena?"

"Ulimwambia mimi si lolote."

"Ndivyo inavyosemwa, Nizar! Hata babu yako..."

"Huko! Inasemwa huko! Hapa mtu akisema hana njaa wanaondoa sahani. Wewe karani wao miaka yote hii, hujalijua hilo?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, na hili ndilo lililoiua nyumba: "Hukutaka nipate. Ulitaka niwe kama wewe, na tai na kofia, ninachekelea nikitukanwa." Nizar akavuta mfuko wake, akalala kwa rafiki, na baadaye akapata chumba Edmonton na kazi ya ghala. Katika nyumba ile hakula tena.

Kuna jambo moja la siku zile ambalo Nizar hakulijua, na kama alilijua hakuliamini. Kesho yake alfajiri nilimsikia Ami Gulam bafuni, bomba limefunguliwa ili sisi tusisikie. Alikuwa anajizoeza. "Kijana wangu ni mzuri sana," alikuwa anasema kwa Kiingereza. "Ni mzuri kuliko wote. Mtapata hasara mkimwacha." Anasimama, anakohoa, anaanza tena. Mtu wa miaka hamsini na kitu, hajapata kumsifu wa kwake mbele ya mgeni, anajifunza matusi, kwa sababu kwake yalikuwa matusi. Akavaa koti lake la sikukuu akaenda klabuni. Walimwambia meneja ana kazi. Akangoja kwenye geti. Akaenda tena kesho yake, na kesho yake, mpaka kazini wakamwonya, na Mr Dawes hakutoka hata kuja kumwambia nenda nyumbani. Kila jioni nilimfungulia mlango, na kila jioni kofia yake ilikuwa imelowa.

Hakupona. Miaka iliyofuata alikuwa mtu wa kusifu. Dukani, benki, kwa daktari, alisifu kila cha kwake: mke wangu ndiye mpishi bora London nzima, mpangaji wangu Zuhura ndiye msichana mwerevu kuliko wote kiwandani kwao. Wazungu walimtazama kwa kuchoka, na jamaa zake walimwona kaharibika, kapata majivuno ya uzeeni. Nilishahama, nimeolewa, na kila nikienda kuwaamkia nilitamani anitukane kidogo kama zamani. Nizar alikuwa anampigia simu Bi Kulsum kila Ijumaa, saa anayojua Ami yuko msikitini. Jamaa wote tulijua hilo, na wote, hata waliompenda Ami Gulam, tulikubaliana kimyakimya kwamba ndiye aliyeikata riziki ya kijana. Watoto wa jamaa walikua wanasimuliana kwa Kiingereza kama kichekesho, habari ya yule mzee aliyemwambia mzungu mtoto wetu hafai.

Ami Gulam alipokuwa mahututi ni mimi niliyempigia simu Nizar. Akasema, "Mwambie nimemsamehe." Na simu akaikata. Nikarudi kitandani kwake nikamwambia, Ami, Nizar anasema amekusamehe. Akanitazama. "Kasema mwenyewe?" akauliza. Nikamwambia kasema mwenyewe. "Mbona hakuja, basi?" Nizar hakuja hata mazikoni.

Sasa Nizar naye amekwenda. Tumemzika asubuhi, na mchana tulirudi ukumbini Harrow kula chakula cha msiba. Binti wa klabu alikuwa amemleta mzee mmoja, mchezaji wa siku zile, mtu mkubwa mwenye fimbo, anaitwa Terry. Alinitafuta kwa kuwa aliambiwa niliishi nyumba moja na Nizar. Alikaa kando yangu na sahani ya wali, na anakula vizuri, anasifu pilipili. Akaniambia Nizar alikuwa mchezaji, mchezaji hasa, na kwamba yeye Terry ni mmoja wa waliotoka birikani siku ile, na leo anaona aibu. Nikamwambia leo tumeshazika. Kisha, kwa nia ya kuifanya nzuri hali, nafikiri, nikamwambia habari ya Ami Gulam: mila zetu, yale maneno, vipi mzee wa watu hakukusudia, na laiti angejibu ndiyo tu, Mr Dawes angempa kijana mkataba.

Terry akaacha kutafuna. "Mkataba?" akasema. "Hapakuwa na mkataba. Mwenyekiti wa klabu alishakataa kabla ya Krismasi, alisema mashabiki wenye tiketi za msimu hawamtaki Mhindi wa kudumu. Dawes alitumwa tu akatafute sababu, ili magazeti yasiseme. Alirudi anacheka. Alituambia kwenye basi, tulikuwa tunakwenda kucheza ugenini, kwamba yule ami yake kamwekea sababu kwenye sahani. Basi zima lilicheka." Akanitazama. "Angejibu ndiyo wangesema goti, au kimo chake, au chochote. Nilidhani mnajua. Nizar hakujua?"

Nakumbuka kelele za sufuria jikoni na mtoto wa mtu analia. Niliinuka nikaenda upande wa wanawake, kwa Bi Kulsum, ambaye sasa hatembei, hasikii vizuri, na amezeeka mpaka vidole vimejikunja, lakini akili yake ni ile ile iliyoitazama sambusa. Nilipiga magoti kando ya kiti chake nikamwambia yote sikioni, polepole, neno kwa neno, mwenyekiti, tiketi za msimu, basi lilivyocheka. Nilipokuwa nasema alikuwa ananishika mkono, na alizidi kuukaza mpaka ukaniuma.

"Nizar ameshatiwa ardhini?" akauliza.

"Ameshatiwa, Bi Kulsum. Tangu asubuhi."

"Basi wamekwenda wote wawili hawajui," akasema. Machozi hakuwa nayo, uso tu ulikuwa unatetemeka, na nikaogopa nimemuua. Kisha akaniachia mkono. "Nenda kwa huyo mzungu. Muulize, miaka yote hii mdomo alikuwa nao?"

Nikarudi. Terry alikuwa mlangoni, yule binti anamsaidia kuvaa koti. Nikamuuliza kama nilivyoagizwa: kwa nini hukumwambia? Nizar alikuwa Edmonton, kwenye kitabu cha simu jina lake lilikuwepo, kwa nini hukumwambia hata mara moja? Akanitazama kwa mshangao, na naapa haukuwa mshangao wa uongo. Alifikiri, akatafuta kweli kichwani mwake, akajibu kwa upole. Binti akamshika mkono wakatoka.

Bi Kulsum alikuwa amegeuza kiti kuelekea mlango, ananingoja. "Kasema nini?"

"Anasema hatukumuuliza."